Abiria Si Mzigo

Tunaandika makala haya wawili. Nyumbani tunaitana Baba na Mama, na pale ambapo mmoja wetu alitenda jambo peke yake tutamtaja hivyo. Kwingine kote ni sisi.

Mwaka jana tulitimiza miaka 25 ya ndoa. Watoto walitaka tukodi ukumbi, iwepo keki na matarumbeta. Mama akasema hataki ukumbi. Anataka kwenda Ziwa Chala kwa pikipiki, tulale huko usiku mmoja kwenye hema, kisha turudi. Watoto walicheka. Baba hakucheka, kwa sababu Mama alikuwa hajaipanda pikipiki ile kwa miaka mitatu, na sisi wawili tulijua kwa nini.

Wengi wenu hapa usharikani mnaikumbuka ajali yetu. Tulikuwa tunatoka kwa ndugu Old Moshi, tunateremka mjini. Nyuma ya Mama, kwenye keria, kulikuwa na mikungu miwili ya ndizi na kiroba cha maharage. Kwenye kona moja tukaanguka. Mama alivunjika mguu chini ya goti, akawekewa vyuma, akatembelea magongo miezi minne. Alipoweza kuja kanisani tulisimama mbele yenu na sadaka ya shukrani. Baba akaeleza kwamba kokoto za barabarani ndizo zilizotuangusha, na kwamba Mungu alituokoa. Mlisema amina. Tukaketi.

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya safari, tulitandika mkeka sebuleni tukapanga juu yake kila tulichodhani tutakihitaji. Hema la kuazima, magodoro mawili membamba, mablanketi, masufuria matatu, jiko dogo la gesi, viti viwili vya kukunja, dumu la maji la lita 20, mchele, nyanya, redio, mwavuli, Biblia, kitabu cha nyimbo, pampu, spana na tyubu ya akiba. Mkeka ukajaa.

Kijana wa jirani akapita mlangoni. "Shikamooni. Mnahama?"

Yeye ni mpagazi wa mlimani. Kwenye mageti ya Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa kwa mizani kabla hajaanza kupanda, usizidi kilo 20, kwa hiyo jicho lake limezoea. Akaenda kwao kuleta mizani, tukapima kitu kimoja kimoja. Jumla ikawa kilo 46.

"Mzee," akasema, "pikipiki haijui huyu ni Mama na lile ni dumu. Inajua uzito tu. Hesabu vyote pamoja."

Alikuwa sahihi. Kitabu kilichokuja na pikipiki, ambacho tulikuwa hatujakifungua tangu tuinunue, kinataja uzito ambao haupaswi kuzidishwa, na ndani ya uzito huo wamo dereva, abiria na mizigo yote. Ukishapakia mtu, nafasi iliyobaki kwa vitu ni ndogo kuliko unavyofikiri.

Tukaanza kupunguza. Viti vikatoka, na redio, na masufuria mawili. Dumu tukaliacha tukachukua maji lita tano, mengine tutanunua Himo. Mama alipoushika mwavuli tukacheka, tukamkumbuka Johannes Rebmann, mmisionari ambaye habari zake kila mtoto wa Kipaimara hapa kwetu huzisikia. Safari yake ya kwanza kuja huku, mwaka 1848, alikuja na watu wachache, na silaha yake ilikuwa mwavuli. Mangi Masaki wa Kilema akampokea. Mwaka uliofuata alikuja na wapagazi wengi na bidhaa nyingi, akikusudia kufika hadi Unyamwezi. Machame Mangi Mamkinga akazichukua bidhaa hizo, zawadi baada ya zawadi, hata safari yenyewe ikaishia pale. Rebmann akarudi pwani mikono mitupu. Tulipokuwa tunafunga mablanketi tulizungumza juu ya hilo: vitu alivyovibeba ili vimfikishe mbali ndivyo vilivyomkwamisha.

Mwavuli ukabaki nyumbani. Mizani ikasoma kilo 22.

Baba akavibeba vyote nje, akavipanga kwenye keria kama alivyozoea, kimoja juu ya kingine, akakaza kwa mipira ya tyubu. Akaishika pikipiki, akamwambia Mama apande ajaribu. Mama akapanda. Mrundo ukamsukuma mgongoni hadi akabanwa kabisa na Baba, na usukani ukawa mwepesi mkononi, kama gurudumu la mbele halitaki kugusa ardhi.

Mama akageuza shingo. "Baba, mzigo unalala kushoto."

Hapo tukanyamaza wote. Yalikuwa maneno yaleyale. Miaka mitatu nyuma, mita chache kabla ya kona, Mama alisema hivyohivyo, na Baba akamjibu, "Kaa vizuri, Mama, tumeshafika." Aliyekaa mbele hauoni mzigo. Aliye nyuma anausikia kwa mgongo kabla haujaanguka. Siku ile barabara ilikuwa kavu na safi. Kokoto alizitunga Baba njiani kuelekea hospitali, akazirudia kwa watoto, mwisho akazileta kanisani.

Baba akaishusha pikipiki kwenye stendi. "Ulinieleza siku ile," akasema. "Nilisikia. Nikakunyamazisha. Nisamehe."

Mama hakujibu upesi. Naye alikuwa na lake. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba kokoto hazikuwepo, akakaa kimya kwenye benchi la kanisa na magongo yake, wala si kwa upole. Aliuweka ukweli ule kama akiba, na kila tulipobishana aliupapasa moyoni akajiona ameshinda. Jioni ile alisema hivyo, kwa sauti, mbele ya mrundo wa mablanketi. Kijana wa jirani alikuwa ameondoka kimyakimya na mizani yake.

Kisha tukafungua kila kitu, tukafunga upya, mara hii wote wawili. Vizito tuliviweka chini na karibu na katikati ya pikipiki: maji, jiko na spana kwenye mabegi mawili ya turubai yanayoning'inia pembeni, kila upande uzito sawa, mbali na bomba la moshi. Hema tulililaza kwa upana nyuma ya kiti. Vyepesi juu, na kisizidi mabega ya Mama. Ncha za mipira tulizikunja ndani zisije zikanaswa na mnyororo. Tairi la nyuma tukaliongeza upepo. Tukazunguka uwanjani mara mbili, tukashuka, tukakaza tena, kwa kuwa mzigo uliotikiswa hulegea.

Tukaweka na agano moja. Abiria akigonga bega mara mbili, dereva anasimama. Haulizi kwanza.

Jumamosi asubuhi, tukiwa hatujafika Himo, Mama akagonga mara mbili. Baba akawasha taa ya pembeni, akasogea kando, akasimama. Tukashuka. Mzigo ulikuwa vilevile tulivyoufunga.

"Kuna nini, Mama?"

"Hakuna kitu. Twende."

Tukashika njia ya Holili, kisha barabara ya vumbi, tukafika Chala kabla ya jua kali. Ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano ya kale, kuta zake zimesimama, mpaka wetu na Kenya unapita katikati ya maji. Sehemu kubwa ya maji yake huja chini ya ardhi kutoka kwenye mlima uleule tunaouona kila asubuhi Moshi. Usiku tulikula wali usio na chumvi. Kila mmoja alidhani mwenzake ameibeba.

Kwa tochi tukasoma Wagalatia sura ya sita. Mtume Paulo anaagiza tuchukuliane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu ataubeba wake mwenyewe. Zamani tuliona kama anajipinga. Usiku ule hatukuona hivyo. Mguu wa Mama, hospitali, deni la matibabu, hayo tuliyabeba wote. Lakini uongo wa Baba hakuna aliyeweza kuubeba kwa niaba yake, wala kisasi cha Mama. Kila mmoja alilazimika kuubeba wake hadi pale pa kuutua.

Kwa Mungu, na kati yetu, tumeutua. Imebaki sehemu moja, nayo ni yenu. Mlituombea, mkatuletea uji na kuni, mkasema amina kwa maelezo yasiyo ya kweli. Shukrani tuliyoitoa siku ile hatuifuti, kwa maana ni kweli Mungu alituokoa. Tunaomba tu kuisahihisha. Barabara ilikuwa nzuri, kokoto hazikuwepo, na aliyekaa nyuma alikuwa amesema.