Cherehani Moja Olumbi

Nashona Olumbi, wilaya ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, lakini ufundi niliupata ng'ambo ya mto Ruvuma, Mtwara, Tanzania, barazani kwa mjomba wangu. Alikuwa na Singer ya kukanyaga, na kando yake ovaloki ndogo nyeusi, mashine ya kushona kingo za nguo, ambayo mwanafunzi haruhusiwi kuigusa. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kupiga pasi na kushona vifungo, jicho langu likiwa kwenye ile nyeusi. Sindano haikunishughulisha, maana sindano kila mtu anaiona. Mimi nilitaka kujua kinachofanyika chini ya sahani ya chuma, pale nguo inapopita.

Cherehani ya kawaida ina bobini: uzi wa juu huzungushwa kwenye uzi wa chini, mshono ukafungika. Ovaloki haina bobini. Ina mikono ya chuma iliyopinda, lupa, kila mmoja na tundu lake na uzi wake. Sindano ikifika chini kabisa kisha ikaanza kupanda kidogo, uzi wake hulegea na kufanya kitanzi mgongoni mwake, na hapo hapo ncha ya lupa ya chini hupenya kitanzini. Lupa ya juu hupita kwenye uzi wa mwenzake, ikaupandisha uzi wake yenyewe ukingoni mwa nguo, na sindano inaposhuka tena huukuta huko na kuunasa. Kati ya ncha ya lupa na sindano hata unywele hupita kwa taabu.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za James Gibbs, mkulima wa Virginia, Marekani, aliyeona gazetini picha ya cherehani iliyoonyesha sehemu ya juu tu. Akakaa akakisia ya chini, na mwaka 1857 akapata hataza ya lupa yake inayozunguka. Nilifurahi sana. Kumbe uchu wangu wa kuchungulia chini ya sahani una wenyewe.

Ovaloki yangu niliinunua Mtwara, mtumba wa Kijapani, mashine ya nyumbani wala si ya kiwandani. Uzuri wake ni kwamba inafanya kazi mbili. Inapiga ovaloki, na ukiigeuza inapiga ule mshono wa pindo la fulana, mistari miwili juu na wavu wa uzi kwa chini. Kugeuza ni hivi: lupa ya juu na kisu cha kukatia ukingo unavilaza, halafu unaiamsha lupa nyingine, ile ya mshono wa mnyororo, ambayo muda wote imepumzika pembeni.

Kifaa cha kuiamsha na kuilaza ni kidogo, na mafundi wengi hawakiangalii mpaka kiharibike. Shafti ya chini ina mkono unaokwenda na kurudi. Kishikio cha lupa kimevaa shafti hiyo hiyo, lakini chenyewe hakifungamani nayo. Kinachoviunganisha ni pini moja yenye springi. Ukibonyeza kitufe, pini inatoka, kishikio kinasogea kulia na kubaki kimya huku mkono ukiendelea na safari zake. Ukitaka lupa irudi kazini, unasukuma kishikio kushoto na kuzungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, mpaka usikie "tak". Tundu la pini ni moja tu, kwa hiyo pini haiwezi kuingia mahali pengine. Taimingi inarudi vile vile ilivyokuwa. Aliyebuni tundu hilo moja alimfahamu vizuri fundi mwenye haraka: kama yangekuwa mawili, lupa ingeamka kabla ya saa yake na kugonga sindano.

Mafuta ya nazi kwenye tundu hilo ni marufuku. Yanaganda, yanashika vumbi la pamba, na pini inakwama. Natumia mafuta ya cherehani, tone moja, na unyoya wa kuku wa kusafishia.

Kubadili kazi ya lupa kuna faida nyingine, ya uzi. Hesabu za watengeneza nyuzi zinasema mshono wa kawaida hula kama sentimita 2.5 za uzi kwa kila sentimita moja ya nguo. Ovaloki ya nyuzi 3 hula kama 14, na pindo la fulana kama 18. Pindo la fulana ya mtu mzima linakaribia mita moja, basi mita 18 za uzi zimekwenda na fundi hajagusa mikono. Kwetu uzi unasafiri mbali mpaka ufike. Kwenye kapulana (vitenge vyetu) nyepesi mimi huutoa uzi wa lupa ya juu na kuivisha kigeuzi chake, nikatumia nyuzi 2, na mteja haoni tofauti.

Gesi ilipogunduliwa baharini mwetu mwaka 2010, na baadaye kambi ya gesi ya Afungi ilipoanza kujengwa, kazi zilikuja: ovaroli za kupunguza, fulana za kampeni za kukata zimkae mtu mwembamba. Niliweza kuigeuza mashine asubuhi na kuigeuza tena jioni.

Halafu vita vya waasi. Vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma wenyewe ukashambuliwa. Nafasi kwenye mashua ya kwenda Pemba, mji wa kusini mwetu, ilikuwa ya mtu na furushi. Singer yangu ya kukanyaga, chuma kizito cha urithi, niliiacha. Niliifunga ovaloki ndani ya kapulana mbili na kuipakata. Walioniona walidhani nimechanganyikiwa, maana Singer ndiyo iliyojulikana kuwa mali. Lakini nilichopakata kilikuwa mashine mbili ndani ya sanduku moja, na hata mshono mnyoofu ingepiga, wa mnyororo, kwa lupa ile ile.

Maji ya bahari yaliifikia. Pemba nilipoifungua, pini ilikuwa imeliwa na kutu na springi imekatika. Springi niliitoa kwenye kalamu ya kubonyeza, nikaikata. Pini niliichonga kutoka shina la biti ya kekee ya milimita 3, nikaisugua kwa msasa mpaka ikaingia bila kulegea. Ndiyo iliyomo hadi leo.

Nimerudi Olumbi, na mpwa wangu anajifunza kwangu. Ananishauri ninunue mashine mbili za kiwandani, moja ovaloki, moja ya pindo, niachane na kugeuzageuza. Viwandani wanafanya hivyo, na kwa mtu mwenye umeme wa uhakika na fulana elfu za kushona ushauri wake ni sawa. Mimi nina betri ya sola na meza moja. Nimemwambia atakapopata fedha zake anunue, nitamfungia mwenyewe. Kwa sasa azungushe gurudumu kwa mkono, taratibu, na aache kuisukuma pini kwa bisibisi.