Mjomba ni Sufuri

Tukiwa watoto Kalemng'orok, mjomba wangu alikuwa na mchezo mmoja ambao hakuna mtu mzima mwingine aliuweza. Alichoma makaa ya mathenge na kuyauza kwa magunia kando ya barabara ya Kitale kwenda Lodwar. Jioni tulimzunguka tukimsihi atuonyeshe. Alipenyeza vidole kwenye jivu, akatoa kaa jekundu, akaligeuzageuza kiganjani polepole kama mtu anayechagua nyanya sokoni, kisha akamwashia jirani sigara. Tulipiga makofi. Wengine walisema ni dawa amepewa, mimi nilisema ni ushujaa. Siku moja nilijaribu mwenyewe, na kovu ninalo mpaka leo.

Kumbe ulikuwa ukoma. Neva za mkono wake zilikuwa zimekufa, basi.

Kwa miaka alikuwa akitibiwa choa. Alikuwa na baka mgongoni lililofifia kuliko ngozi nyingine, na kila alipoenda kituo cha afya alirudi na kichupa cha dawa ya kupaka. Baka halikuwasha, halikuuma, na hapo ndipo dalili yenyewe ilipokuwa. Mwaka 2009 muuguzi mmoja alimwambia avue shati na afumbe macho. Akavuta pamba ikawa kama uzi. "Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole ni wapi."

Mjomba akangoja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, namwona muuguzi anamgusa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Daktari," mjomba akasema, "si uanze?"

Alipewa dawa za mchanganyiko, pakiti moja kila mwezi, miezi 12. Dawa hizo hutolewa bure duniani kote tangu 1995, na mtu akishaanza kuzimeza haambukizi tena wenzake. Lakini zinageuza mkojo kuwa mwekundu na ngozi kuwa nyeusi zaidi, kwa hiyo kijiji kizima kilijua. Ile miaka yote aliyokuwa akituambukiza, pengine, tulikula naye sahani moja. Alipoanza kupona ndipo akatengewa kikombe.

Mwezi wa 12 jina lake liliandikwa "amemaliza matibabu". Na kweli alikuwa amepona, vijidudu viliisha. Vidole viwili vya mkono wa kulia, hata hivyo, vilikuwa vimeshajikunja kama makucha ya ndege, na mkono uliendelea kuungua, kukatika na kuoza bila yeye kujua. Tulijua kwa harufu.

Miaka kadhaa baadaye nilipata kazi ya mkataba Lodwar, kuingiza takwimu za afya kwenye kompyuta. Kenya imeuweka ukoma chini ya programu moja na kifua kikuu na magonjwa ya mapafu. Ukoma ni lile neno la katikati, ambalo mikutanoni watu hulimeza wafike haraka kwa TB, penye wagonjwa wengi na pesa. Ni huko nilikojifunza kwamba kwenye hesabu ya ukoma, mjomba ni sufuri.

Iko hivi. Mwaka 1991 mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliamua kwamba kufikia mwaka 2000 ukoma usiwe tena tatizo la afya ya jamii, na kipimo kikawa chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Kenya huhesabiwa kuwa ilishavuka mstari huo tangu 1989. Tanzania ilivuka 2006. Vizuri. Lakini "mgonjwa" hapo ni yule aliye kwenye dawa. Ukimaliza pakiti ya mwisho, unatoka kwenye daftari, uwe na vidole au usiwe navyo. Tena mwishoni mwa miaka ya 1990, matibabu ya wagonjwa wenye vijidudu vingi, kama mjomba, yalipunguzwa kutoka miezi 24 hadi 12. Kwa dawa ilikuwa hatua nzuri. Kwa hesabu ilikuwa kama kufanya shule ya msingi iwe ya miaka minne badala ya minane, kisha ushangilie kwamba wanafunzi wamepungua. Watoto kijijini ni walewale.

Hao walikuwa watu wa juu ya mstari wa hesabu. Wa chini nao ni sisi, wakazi, na kwetu hesabu hiyo ni vichekesho. 2009, mwaka ule ule mjomba alioguswa na pamba, kulikuwa na sensa. Agosti 2010 waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza kufuta matokeo ya wilaya nane kwa sababu idadi ilionekana kubwa mno, na tatu kati ya hizo zilikuwa za Turkana, yetu ya Turkana Kusini ikiwemo. Sensa ya 1999 ilitupa watu 450,860. Ile iliyobishaniwa ilitupa 855,399. Ya 2019 ikasema 926,976. Sasa gawanya wagonjwa kwa hapo uone kama utapata usingizi.

Ndiyo maana siku hizi kinachoangaliwa zaidi ni wagonjwa wapya waliogunduliwa kila mwaka, wangapi kati yao ni watoto, na wangapi wamefika wakiwa na ulemavu unaoonekana kwa macho, unaoitwa daraja la 2. Mtoto akiwa na ukoma, maana yake kuna mtu anaambukiza sasa hivi. Mtu akifika na daraja la 2, maana yake tumechelewa. Nikiruhusiwa kubaki na kipimo kimoja tu, nitachukua hiki cha mwisho, kwa sababu ndicho pekee kinachotuuliza sisi tulikuwa wapi.

Idadi ya wagonjwa wapya nayo ina ujanja wake. Mwaka 2019 dunia iliandika zaidi ya 200,000, wengi wao India, Brazil na Indonesia. Mwaka 2020 ikashuka hadi kama 127,000. Ukoma haukuogopa korona, ni watafutaji waliobaki nyumbani. Huku kwetu Afrika, angalia Komoro: nchi isiyofikisha watu milioni moja, na husajili mamia ya wagonjwa wapya kila mwaka. Ukisoma jedwali utaiogopa. Ugonjwa kweli upo kule, lakini pia kuna watu wanaoenda mlango kwa mlango, wanavua watu mashati na kuangalia migongo. Nchi ambayo haiendi mlango kwa mlango inaonekana safi.

Turkana tunalijua hili bila kufundishwa. Miaka ya 1980 AMREF walileta altrasaundi mpaka kaskazini-magharibi mwetu kutafuta uvimbe wa maji unaoletwa na tegu wa mbwa, na tukaandikwa miongoni mwa sehemu zenye viwango vya juu kabisa duniani. Ugonjwa haukuzaliwa siku mashine iliposhushwa kwenye gari.

Na Kakuma je? Kambi iko pale tangu 1992. Kijidudu cha ukoma kinaweza kukaa mwilini hata miaka 20 kabla ya dalili. Mtu aliyekipata utotoni Sudan Kusini, au Kongo, akagunduliwa Kakuma, ni mzigo wa nchi gani? Kwenye jedwali ni namba ya Kenya.

Kuna hesabu nyingine tena, ya wale wanaopima mzigo wa magonjwa yote duniani kwa mizani moja. Wanaweka afya kamili kuwa 0 na kifo kuwa 1, halafu kila hali inapewa uzito wake katikati. Ulemavu wa daraja la 2 wa ukoma umepewa 0.067. Uzuri wake ni kwamba hauishi na pakiti ya mwisho. Hapa mjomba si sufuri. Nilikaa na simu usiku mmoja nikazidisha: miaka 15 na mkono ule, mara 0.067, ni mwaka mmoja na kitu kidogo. Yaani wanasema ni sawa na kupoteza mwaka mmoja wa maisha.

Niliporudi Kalemng'orok nilimweleza. Alikuwa anafunga gunia, kamba moja ameishika kwa meno kwa sababu vidole havibani. Zamani alimaliza magunia manne kwa wiki, sasa moja, na hilo akipata mtu wa kumfungia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa kamba mdomoni.

"Mwaka upi?" akauliza.

Sikuelewa.

"Huo mwaka mmoja. Ni ule mama yako aliacha kunisalimia kwa mkono, au ni ule nilikatwa mguu?"

Kidole cha mguu, alimaanisha. Hata hicho sikuwa nimekiweka kwenye hesabu.

Nilimwomba anitajie watu wote waliolala nyumba moja naye kabla ya 2009. Jambo hili lilipaswa kufanywa wakati ule, na halikufanywa. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri walio karibu na mgonjwa wachunguzwe, na wasio na dalili wapewe dozi moja ya rifampisini ya kinga. Mjomba alihesabu kwa mkono wa kushoto. Tulifika watu 11. Wa saba nilikuwa mimi.

Mwenzangu wa kazini Lodwar ndiye alinipima. Nilivua shati, nikafumba macho. Feni ilikuwa inazunguka na nikaogopa kwamba nitadanganywa na upepo, nikamwambia aizime. Jasho likaanza kutiririka. Alikaa kimya muda mrefu sana, au mimi ndiye niliuona mrefu, na nikaanza kujiuliza kama ameshanigusa mara nne.

"Hapo," nikasema. Halafu tena, "Hapo."

Watu tisa tumeshapimwa, na binamu yangu mmoja ameanza dawa. Ana baka moja tu, mikono yake ni mizima. Wawili bado. Mmoja ni turnboy wa lori za Juba, mwingine yuko Nairobi, Kayole, na hapokei simu zangu tangu nimwambie ni ya nini.