Habari ya Shingo ya Gitaa Isiyopinda

Kila akaaye kando ya Ziwa Victoria ajua tabia ya mbao. Mtumbwi ukivutwa ufukoni na kuachwa juani majuma mengi, mbao zake husinyaa hata nyufa zikaonekana. Ukirudishwa majini, mbao hufura na nyufa hujiziba. Wenye mitumbwi hawastaajabu, maana mti, ijapokuwa umekatwa na kupigwa randa, haukomi kunywa unyevu na kuutoa. Tabia hiyo imo pia katika gitaa, nayo ndiyo iliyotutaabisha sisi wapigaji wa hapa Mwanza.

Gitaa letu la besi lilikuwa na shingo ya mti. Nyuzi zake nne huivuta shingo mchana na usiku kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 60. Tangu Juni hata Agosti, wakati wa kiangazi, mti hukauka. Mvua za Novemba zikija, hufura. Ndani yake umo ufito wa chuma, ambao fundi huukaza au huulegeza kwa ufunguo mdogo, ili kuinyosha shingo iliyopinda mbele au nyuma. Kwa miaka kadhaa dawa hiyo ilitutosha. Lakini mwishowe shingo ilijisokota, upande mmoja ukapanda na wa pili ukashuka, na ugonjwa huo ufito hauwezi kuuponya. Nyuzi zikavuma kama nyuki, na waimbaji wakapotea, maana besi ndiyo msingi wao.

Ndipo tulipoanza kuuliza habari za shingo za kaboni. Huko Marekani, katika miaka ya 1970, Geoff Gould, aliyefanya kazi katika mambo ya vyombo vya anga, aliona ya kuwa kitu kitumiwacho katika vyombo hivyo chafaa pia shingo ya besi. Akawa mmoja wa walioanzisha kampuni ya Modulus Graphite. Ned Steinberger naye, karibu na mwaka 1980, alitengeneza besi nzima kwa kitu hicho. Nyuzinyuzi za kaboni ni nyembamba kuliko unywele; hulowanishwa katika gundi iitwayo rezini, hutiwa katika kalibu, nazo hukauka zikawa ngumu sana. Shingo ya namna hiyo ni nyepesi, wala unyevu wa hewa hauipindi. Tena yaweza kubadilishwa kwa urahisi, kwa kuwa tangu besi ya Leo Fender ya mwaka 1951, besi nyingi zimefungwa shingo kwa skurubu tu.

Lakini bei yake ni kubwa, na hapo shauri likawa zito. Wenzetu wengine walisema, "Fedha ya kisanduku ni ya wagonjwa na misiba. Mjane akija, tutamwambia tumenunua shingo ya gitaa?" Wengine wakajibu, "Besi ndiyo ituleteayo fedha hiyo." Maneno yote mawili yalikuwa kweli. Basi tukakata shauri kisanduku kisiguswe. Kila mtu akatoa sehemu ya ujira wake wa arusini, muda wa miezi saba, hata tukaagiza shingo iliyokwisha kutumika.

Atakaye kufanya kama sisi na ayashike haya. Kwanza, apime urefu wa uzi tangu juu ya shingo mpaka darajani, ambao katika besi nyingi ni inchi 34, na upana wa tundu la kuingizia shingo; vipimo visipolingana, sauti zote zitakuwa za uongo. Pili, aulize kama shingo ina ufito wa chuma ndani, kwa kuwa nyingine hazina, na isiyo nao haiwezi kurekebishwa. Tatu, akiikata au kuipiga tupa, afunike pua na kinywa, maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Sasa mvua na kiangazi zimepita juu ya shingo yetu, nayo imenyoka vile vile. Nyuzi bado twazipatanisha kila siku, maana chuma hulegea kwa joto. Sauti ni safi na hudumu zaidi, ingawa mzee mmoja wetu asema imepungukiwa na ule uvuguvugu wa mti, wala hatubishani naye.

Ndugu zetu wenye magitaa, msikimbilie kununua. Mpelekeeni fundi kwanza aukaze ufito, maana mara nyingi gharama yake ni ndogo na shingo hupona. Ikiwa imejisokota, na mmeweza kuchanga pasipo kumnyima mwenye shida, ndipo kaboni itawafaa.