Pesa Zangu za Hina Zilinunua Twita

Siku tatu kabla ya harusi ya mdogo wangu nikamaliza saketi ya kugawa sauti: besi iende amplifaya yake, sauti nyembamba yake. Rezista za kilo-omu 4.7, kapasita za nanofaradi 10, mpaka wa sauti karibu hezi 3,400. Hesabu ilikuwa sawa. Waya ndizo nilizopishanisha! Besi yote ikaingia kwenye twita. Moshi, kisha kimya.

Mama: "Si ungekodi tu, mwanangu?"

Nililia. Pesa zangu za hina zikanunua twita nyingine, na kapasita ya kuilinda. Safari hii nikajaribu kwanza kwa spika kuukuu ya redio, sauti chini.

Usiku wa maulidi, Mama akanyoosha mkono: ongeza kidogo.