Siku mbili Pinto, bila watoto

Wazazi wenzangu, mara ya mwisho mmekaa lini wawili tu, bila mtoto wa kuwavuta nguo? Sisi ilikuwa miaka tisa. Kwa hiyo dada yangu alipokuja kututembelea hapa Birmingham, akakubali kubaki na watoto wikiendi moja, Baba Zawadi alikata tiketi za ndege za bei rahisi kwenda Hispania. Kazini nikatangaza naenda Madrid.

Kumbe si Madrid. Stesheni ya Atocha tukapanda treni ya wafanyakazi wanaokaa nje ya jiji, tukaelekea kusini, tukashuka Pinto. Magorofa ya matofali, nguo zimeanikwa madirishani, duka la dawa, supamaketi. Watu wa pale asubuhi wanakwenda Madrid kazini, jioni wanarudi kulala. Mtalii sikumwona.

"Yaani umenileta Kibaha ya Hispania?" nilimuuliza. Akacheka, lakini hakunitazama.

Saa nane mchana maduka yakafungwa, mji ukanyamaza. Tukala mgahawani chakula cha bei moja: sahani ya kwanza, ya pili, mkate na kinywaji humohumo. Tukaongea habari za watoto. Zilipokwisha, tukatazama televisheni ya mgahawa.

Cha kutazama Pinto ni mnara wa mawe, Torre de Éboli. Mwaka 1579 Mfalme Felipe II alimfungia humo Ana de Mendoza, mjane na mama wa watoto wengi, yule anayechorwa na kitambaa cheusi jichoni. Tuliuzunguka kwa nje, dakika kumi zikatosha.

Usiku tukakaa kwenye benchi uwanjani. Saa nne imefika na watoto bado wanacheza mpira, mabibi na mababu wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda chini. Wangu wangekuwa wamelala zamani, nikawa nawaza hilo, ndipo akasema:

"Mama Zawadi, kazini wamenipunguzia siku. Tangu Januari."

Ilikuwa Mei. Miezi minne alikuwa akitoka nyumbani saa ileile, na siku zisizo na kazi anashinda maktaba. Hoteli ya katikati ya Madrid asingeiweza, na safari aliyoniahidi alishindwa kuifuta.

Sikumjibu vizuri. Hela iliniuma, sikatai, ila kilichoniuma zaidi ni kwamba kila jioni nilimuuliza kazi imekwendaje, naye akajibu, "Salama." Nilinyamaza muda mrefu. Mpira ukaja miguuni kwake, akaurudisha, mtoto akamshukuru kwa Kihispania.

Mwishowe nikatoa kalamu. Tukaanza kupiga hesabu nyuma ya risiti ya chakula, siku ngapi zimebaki, kodi ya nyumba itatoka wapi, mpaka wazee wote wakaondoka.

Jumapili tulikuwa na saa tatu kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Akaniuliza kama nataka kuiona Madrid. Nikamwambia tukae hapahapa kwenye benchi, ya kodi hatujamaliza.