Kutoka Kengeleni hadi Harry Thuku Road: Safari ya Sauti ya Mtangazaji

Msomaji, ukifika Mombasa usiridhike na Fort Jesus na ufuo wa bahari peke yake. Panda matatu ya kwenda Kisauni, vuka daraja la Nyali, na mkishalipita kidogo tu mwambie utingo akushushe Kengeleni. Hapo kando ya barabara utaona mnara mdogo wenye kengele kuukuu. Maelfu ya watu huupita kila siku wakielekea soko la Kongowea, na wengi wao hawainui hata macho.

Mtaa huo ndio Frere Town. Ulianzishwa mwaka 1875 na wamishonari wa Church Missionary Society kuwa makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Ukapewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja kushughulikia kukomeshwa kwa biashara hiyo. Kengele nayo iliwekwa ili kuwaonya wakazi kila walipokuja watu waliotaka kuwarudisha kwenye minyororo. Tafakari jambo hilo, msomaji. Kengele ilipolia, hapakuwa na nafasi ya kuuliza kama habari ni ya kweli au la. Mama alibeba mtoto, akakimbia. Kengele inayolia ovyo haina faida kwa mtu, lakini ile inayoaminika huokoa mji.

Katika mtaa huo, mwaka 1940, alizaliwa Leonard Mambo Mbotela, ambaye ukoo wake unatokana na hao waliokombolewa. Ikiwa umri wako unakuruhusu kuikumbuka Sauti ya Kenya, huna haja ya kuelezwa alikuwa nani. Kwa kijana aliyezaliwa juzi, huyu ndiye mtangazaji ambaye kwa miaka mingi aliwasimulia Wakenya mpira wa miguu kwa Kiswahili, mpaka asiyewahi kukanyaga uwanjani akajiona yupo. Alifariki tarehe 7 Februari, 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Leo natuifuate njia aliyoipita, ili mwanao anayekuambia kwamba anataka kutangaza michezo kwenye televisheni aijue kazi hiyo kwa undani, si kwa kuitazama tu.

Njia yenyewe yaelekea Nairobi. Ukishafika jijini, usikimbilie Kasarani kwanza. Nenda Jogoo Road, karibu na soko la Burma, mahali ambapo harufu ya nyama choma hukupokea kabla ya mwenyeji wako. Hapo pana uwanja ambao wazee wameuzoea kwa jina la City Stadium, na ambao ulipewa jina la Joe Kadenge baada ya mchezaji huyo kufariki mwaka 2019. Mitaa ya Kaloleni na Makongeni haiko mbali, na ndiko walikotoka mashabiki waliokuja kwa miguu, wake kwa waume, kila Abaluhya au Gor Mahia ilipocheza.

Mbotela alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964. Televisheni ilikuwa imeanza nchini miaka miwili tu kabla ya hapo, na nyumba zilizokuwa na chombo hicho zilikuwa chache mno. Redio ndiyo iliyokuwa mfalme. Mtangazaji wa siku hizo hakuajiriwa kwa michezo pekee. Alisoma taarifa ya habari, akaongoza vipindi, kisha siku ya mechi akabeba daftari lake kwenda uwanjani. Mwaka 1966 Mbotela alianzisha kipindi cha adabu, "Je, Huu ni Uungwana?", kikadumu kwa zaidi ya miaka 50. Basi sauti iliyotangaza bao siku moja ndiyo iliyokuonya siku nyingine usiropoke mbele ya wageni.

Sasa simama kwenye ngazi za uwanja huo, ufumbe macho. Nani hajapata kusikia yale maneno, "Kadenge na mpira, mpira na Kadenge"? Watu waliyarudia sokoni na kwenye mabasi, na watoto wakayaimba wakipiga mpira wa matambara. Kadenge alikuwa fundi wa mpira, hilo halina ubishi. Hata hivyo, aliyemfikisha Lodwar na Lamu kabla ya picha kufika huko alikuwa mtangazaji. Jina la mchezaji hupanda juu ya mabega ya sauti ya mtu mwingine, ambaye mshahara wake haupandi kwa idadi ya mabao.

Kutoka Jogoo Road, panda matatu ya kwenda Kasarani. Uwanja huo mkubwa ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, ambapo Harambee Stars ilifika fainali ya kandanda ikashindwa na Misri bao 1-0. Mwaka uo huo Gor Mahia ilitwaa Kombe la Mandela baada ya kuikabili Esperance ya Tunisia. Kufikia hapo runinga ilikuwa imeingia katika nyumba nyingi zaidi, na mwenye nayo alijikuta ana majirani wengi kuliko viti. Tangu hapo macho ya taifa yamezidi kuelekezwa Kasarani, hata Agosti 2025 fainali ya CHAN ilipochezewa hapo na Morocco ikaishinda Madagascar 3-2.

Ukipata nafasi, tazama juu, mahali wanapoketi watangazaji. Hapo ndipo utakapoona tofauti ya kazi hizi mbili. Mtangazaji wa redio ni macho ya kipofu. Ni lazima aseme mpira uko upande gani, nani anao, jezi ni za rangi gani, na zimebaki dakika ngapi. Akinyamaza, msikilizaji yuko gizani. Mtangazaji wa televisheni naye anazungumza na mtu anayeona, na wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Akikuambia kwamba mchezaji anapiga kona, hajakuongezea lolote. Kazi yake ni kukuambia yale ambayo picha haisemi: kwamba kijana huyu ametoka majeruhi wiki jana, kwamba timu hizi zilikutana mwezi uliopita, au kwamba refa amekwisha kumwonya beki huyu mara moja. Isitoshe, ni lazima ajue kunyamaza. Wapo waliovuma redioni wakashindwa na televisheni kwa sababu hawakuweza kuuzuia ulimi.

Usidhani pia kwamba kazi huanza kwa kipenga cha refa. Mtangazaji anayejiheshimu hufika uwanjani mapema, akatafuta orodha ya wachezaji, akahakikisha namba za jezi, akauliza namna ya kutamka majina ya wageni. Wakati wa mchezo, jicho moja liko uwanjani na jingine kwenye kioo kidogo kinachomwonyesha picha anayoiona mtazamaji nyumbani. Sikioni ana chombo kinachomletea maagizo ya mwelekezi, naye anatakiwa aendelee kusema kana kwamba hasikii kitu. Mvua ikinyesha, wewe waweza kuondoka. Yeye atabaki.

Na riziki yake? Hapa ndipo mzazi anapopaswa kutega sikio. Zamani mwajiri alikuwa mmoja, serikali. KTN ilianza mwaka 1990, kisha zikafuata stesheni nyingine za redio na televisheni, na milango ikafunguka, hata kwa wanawake kama Carol Radull, ambaye jina lake lilipata kujulikana katika fani iliyodhaniwa kuwa ya wanaume. Lakini mlango uliofunguliwa waweza kufungwa. SuperSport ilionyesha mechi za ligi kuu ya Kenya kwa miaka kadhaa, na vijana wengi wakapata kazi ya utangazaji na upigaji picha. Ilipojiondoa mwaka 2017, kazi nyingi zikaenda nayo. Anayelipwa kwa mechi hulala njaa ligi inaposimama. Kwa hivyo kijana na awe na ujuzi mwingine pembeni: kuandika habari, kuhariri picha, kusoma taarifa. Wale wa zamani walidumu kwa sababu walijua kufanya zaidi ya jambo moja.

Malizia safari yako Harry Thuku Road, katikati ya jiji. Upande mmoja iko hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa mwaka 1904, na jirani yake ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapo ndipo lilipo jengo la utangazaji, makao ya Sauti ya Kenya ambayo mwaka 1989 ilirudia jina la KBC. Langoni hapo yafaa usimame kidogo.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti, 1982, askari wa Jeshi la Wanahewa walijaribu kuipindua serikali. Walikuwa na bunduki, na stesheni walikuwa wameiteka. Hata hivyo, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walikwenda Ngara nyumbani kwa Mbotela, wakamchukua na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Jiulize, msomaji, kwa nini wenye silaha wamhitaji mtangazaji wa kandanda? Kwa sababu walijua kwamba mitambo hairushi imani. Wakenya walikuwa wameisadiki sauti hiyo kwa karibu miaka 20: ikisema bao, ni bao. Siku hiyo hiyo jeshi lililoitii serikali, likiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, liliikomboa stesheni, na sauti ile ile ikatumiwa tena kuwaambia wananchi kwamba waasi wameshindwa.

Huo ndio uzito wa kazi hii ambayo vijana wengi huiona kuwa ni kelele za mchezo. Imani ya watu haijengwi kwa siku moja ya habari kubwa. Hujengwa Jumamosi baada ya Jumamosi, katika mechi ndogo zisizokumbukwa na mtu, kwa kutaja jina lililo sahihi, kwa kukiri kwamba bao lilikuwa la kuotea hata kama aliyelifunga ni wa timu uipendayo. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mtangazaji mwongo ni fupi zaidi, maana shahidi wake ni taifa zima.

Basi mwanao akikuambia anataka kazi hii, usimkatishe tamaa. Mpe daftari, umpeleke kwenye uwanja ulio karibu nanyi Jumapili alasiri, na umwambie akutangazie mchezo wa watoto wa mtaa. Akiweza kukueleza yaliyotokea bila kuongeza chumvi, amekwisha kuanza.