Barua ya Posa na Daftari la Mama

Mwanzoni mwa mwezi wa Rajabu, baada ya Sala ya Isha, mshenga alinikuta barazani mwa msikiti akanikabidhi barua ya posa ya mdogo wangu. Tangu baba yetu arejee kwa Mola wake, mimi ndiye walii wake. Mposaji ni kijana mwenye dini na kazi. Sharti lilikuwa moja, nalo mshenga alilitamka kwa mdomo: binti aache nia yake ya kusomea uzamivu. "Muuguzi mwenye uzamili amekwisha kufika," aliniambia. "Udaktari wa nini tena, naye hatakuwa daktari?"

Nakiri kwamba nilimwona ana hoja. Mdogo wangu ametimiza miaka 31, na majibu nilikuwa nimekwisha kuyatunga kichwani. Nilimuuliza kwa kuwa sheria yetu haimruhusu kaka kumwoza dada yake bila ya idhini yake.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Kaka, unaikumbuka Ramadhani iliyopita?"

Nilikumbuka. Mama yetu ana kisukari na hujidunga insulini. Alifunga kwa siri. Siku ya 12, kabla ya Alasiri, tulimkuta jikoni ameanguka, jasho limemlowesha, hatambui sauti zetu. Mdogo wangu alimpima, akakuta sukari imeshuka mno. Akampaka asali ndani ya shavu, tukamkimbiza hospitali. Alhamdulillahi, alipona. Tulipomuuliza kwa nini alificha, alisema aliogopa kukatazwa na daktari, na aliona haya kuonekana anakula mchana.

"Kumhudumia siku ile nilijua," alisema mdogo wangu. "Wataalamu wameandika miongozo ya kisukari na Ramadhani, nayo inataka mgonjwa aonwe wiki 6 hadi 8 kabla ya mfungo. Lakini mama hakwenda kuonwa. Nataka kujua wangapi hapa kwetu wanaficha kama yeye, wanaficha kwa nini, na muuguzi aseme nao vipi. Jibu hilo sijaletewa na mtu, lazima litafutwe."

Usiku ule katibu wa msikiti alikuwa mwanafunzi. Nilijifunza kwamba udaktari wa uuguzi una njia mbili. Ya kwanza ni ya utafiti: mwanafunzi hushika swali lisilo na jibu, hukusanya ushahidi kwa miaka, kisha huitetea tasnifu yake. Ya pili ni ya utendaji, nayo imestawi Marekani. Huko, mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya wauguzi wa kupima na kuhudumia watoto kwa upeo mpana zaidi. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Kentucky kikafungua udaktari wa utendaji wa uuguzi. Mwaka 2004 jumuiya ya vyuo vya uuguzi ya nchi hiyo ilipendekeza kwamba kufikia 2015 wauguzi wa ngazi ya juu waandaliwe kwa udaktari. Mwaka huo ulipita na wengi wangali wanaanza kazi kwa uzamili. Ila tangu 2022, anayeanza kusomea uuguzi wa nusu kaputi huko husoma kwa ngazi ya udaktari.

Mdogo wangu amechagua njia ya utafiti. "Wauguzi nao wanahitaji walimu," alisema, "na mwalimu hatoi asichokuwa nacho."

Sikulala upesi. Tangazo la Ramadhani la msikiti wetu huliandika mimi: tarawehe, futari, Zakatul-Fitri. Nimesoma fiqhi, najua ruhusa ambayo Qur'ani imempa mgonjwa, na sikuwahi kumwandikia mgonjwa mstari mmoja. Nilisomeshwa pia habari za Bi Rufaida, aliyewauguza majeruhi, na za hema lililopigwa ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.) kwa ajili ya Saad bin Muadh baada ya vita vya Khandaq. Niliyasoma hayo kama historia, nikayaacha kitabuni.

Asubuhi nilimjibu mshenga: binti ameridhia ndoa, hakuridhia sharti. Ijumaa iliyofuata nilibandika tangazo, na mstari wake wa kwanza uliwaita wenye kisukari waje madrasa siku ya Jumapili kuonana na muuguzi. Walikuja wanawake 17. Mama alikaa mbele, mkononi ana daftari anamoandika vipimo vyake, akalifungua mbele ya wenzake wote.

Sasa Shaabani imeandama. Majibu ya mshenga hayajaja, na baadhi ya wazee wa ukoo wananilaumu. Mama, ambaye anatamani mjukuu kuliko sisi sote, huniuliza kila asubuhi kama barua imefika. Nikimwambia bado, hushusha pumzi, kisha humwita mdogo wangu aje kumsomea daftari.

Wabillahi tawfiq.